Tunda pevu si tunda bivu

Mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba, huikuta miparachichi mingi ya nyuani mwetu ikiwa imebeba matunda ambayo bado yana safari. Mavuno makubwa huja baadaye, kuanzia karibu na masika ya Machi hadi Mei na kuendelea. Lakini pesa hazingoji masika. Mawakala hupita vijijini Murang'a na Kisii wakiwa na magunia, na ada ya shule ya Januari i karibu. Ndiyo maana mara kadhaa mwishoni mwa mwaka Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) imefunga msimu wa kuvuna tunda hili kwa soko la nje.

Kinachonikera ni jinsi marufuku hayo yanavyotangazwa. Utasikia katika taarifa ya habari: "Wakulima wameonywa dhidi ya kuvuna maparachichi ambayo hayajaiva." Upatanisho wa kisarufi ni sawa na hakuna neno lililotamkwa vibaya. Hata hivyo, onyo lenyewe halitekelezeki, kwa sababu parachichi haliivi mtini! Mkulima akilitii neno kwa neno, atangoja mpaka matunda yaanguke yenyewe.

Kiswahili kina vitenzi viwili hapa, na wenye miti wamevihitaji tangu zamani. Tunda *likipevuka* au *likikomaa*, limefika ukomo wa kukua: kokwa imekamilika, nyama imejaa, mti umemaliza kazi yake. Tunda *likiiva*, limelainika, limepata utamu na harufu, linalika. Kwa hiyo tuna tunda *changa*, tunda *pevu* na tunda *bivu*. Na ukizubaa, tunda *bovu*. Neno *bichi* ni pana zaidi, kwani chochote ambacho hakijaiva ni kibichi, kiwe kichanga au kipevu. Lile lililonyauka likadondoka kabla ya kupevuka huitwa *pooza*, na upepo wa mvua huacha mapooza mengi chini ya mwembe.

Anayedhani kwamba pevu na bivu ni visawe na autazame mwezi. Twasema *mwezi mpevu* pale unapokuwa duara kamili. Hakuna asemaye mwezi mbivu. Kijana naye hupevuka. Ugali, kwa upande wake, huiva wala haupevuki, maana sufuria haikuzi kitu. Kupevuka ni kukua hadi kukamilika. Kuiva ni kuwa tayari kuliwa.

Katika matunda mengi mambo haya mawili hufuatana pale pale mtini, na ndipo mkanganyiko unapoanzia. Embe hupevuka kisha huweza kuiva likiwa bado tawini. Parachichi halina mwendo huo. Likiwa mtini hujikusanyia mafuta na kupevuka, kisha hukaa hivyo hivyo, gumu kama jiwe, hadi litenganishwe na mti. Huiva likiwa jikoni, sokoni au melini. Ukilichuma kabla halijapevuka, halitaiva kamwe. Litasinyaa na kuwa kama mpira, na mnunuzi wa ng'ambo aliyelilipia atakumbuka limetoka nchi gani. Wakulima wana njia rahisi ya kulipima: pasua moja utazame ganda la kokwa. Likiwa jeupe na nene, tunda ni changa. Likiwa la kahawia na jembamba kama karatasi, limepevuka.

Hapo ndipo kinapoingia kitenzi kingine ambacho wanafunzi wangu wa Nairobi hunitazama tu nikikitaja: *kuvundika*, ambacho wengine hukiita *kuvumbika*. Ni kuyaweka matunda mapevu mahali pa joto, yakiwa yamefunikwa, ili yaive. Mkungu wa ndizi hukatwa mgombani ukiwa mpevu, ukavundikwa. Siku za mvua na baridi kazi hii huchelewa, na ndiyo sababu akina mama huyafukia maparachichi katika unga au mahindi, au huyafungia mfukoni pamoja na ndizi mbivu. Ndizi hiyo hutoa gesi ya ethilini inayoyahimiza mengine kuiva. Hapa sasa kuna sharti ambalo kitenzi chenyewe hulibeba: kinachovundikwa lazima kiwe kimepevuka. Changa likivundikwa, huoza au husinyaa.

Labda mtu aniambie ati haya ni mapambo ya wazee, mradi ujumbe umefika. Haya, tutoke mtini tuje kwenye kamba ya nguo. Mawingu yametanda, na mama mwenye nyumba anamwambia msichana wa kazi, "Toa nguo nje!" Je, azitoe nje, au azitoe huko nje aziingize ndani? Kiswahili kina *kuanika* na kinyume chake *kuanua*, kama *funika* na *funua*, *bandika* na *bandua*. "Anua nguo!" Hakuna aliye na shaka tena, na nguo hazijalowa. Mvua ikikatika, twasema *imeanuka*. Maneno yenyewe ni mafupi kuliko maelezo yanayochukua nafasi yake.

Tofauti ni kwamba nguo zikilowa huanikwa tena, lakini parachichi changa halirudi tawini. Tangazo lingesema "msichume maparachichi ambayo hayajapevuka," mkulima angejua mara moja atazame nini, na wakala asingepata mwanya wa kumjibu, kama ninavyosikia wakijibu, kwamba "yataivia njiani." Jibu hilo ni kweli kwa tunda pevu na ni uongo kwa tunda changa, na kwa kutumia kitenzi kimoja tu mwongo na mkweli hutamka sentensi ile ile.

Kabla hujakimbia kuvundika kila kilicho uani, tafadhali liache chungwa. Hilo huiva mtini tu. Likishachumwa, hata ulifukie katika unga wiki nzima, utamu wake ni ule ule liliotoka nao mchungwani.