Kijivu Kisicho na Madoa: Saketi Iliyo Nyuma ya Kioo cha OLED

Kuna jaribio dogo linalofichua ubora wa kioo cha OLED kuliko video zote za maua na machweo zinazoonyeshwa madukani. Zima taa za chumbani, punguza mwanga wa simu, kisha fungua picha tupu ya rangi moja: kijivu kilichokolea, kinachokaribia weusi. Kioo kizuri huonyesha kijivu kile kile kutoka pembe hadi pembe. Kioo hafifu huonyesha madoa, michirizi ya wima, au upande mmoja ulioingiwa na ukijani. Wengi hudhani kasoro iko kwenye kemikali inayotoa mwanga. Mara nyingi iko nyuma yake, kwenye saketi ya transista iliyojengwa ndani ya kila pikseli.

Mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa Eastman Kodak, Marekani, walieleza diodi ya tabaka nyembamba za kemikali za kaboni, iliyoweza kung'aa kwa volti zisizofika 10. Mng'ao wa diodi ya aina hiyo hufuata mkondo wa umeme unaopita ndani yake, na hapo ndipo OLED inapoachana na LCD. Pikseli ya LCD hupewa volteji tu, ikapinda fuwele zake na kuruhusu mwanga wa taa ya nyuma upite. Pikseli ya OLED inadai mkondo halisi kwa muda wote inapowaka, tena kwa kiasi kile kile kilichoagizwa.

Saketi rahisi kuliko zote ina transista mbili na kapasita moja. Transista ya kwanza ni swichi: zamu ya mstari wake ikifika, huwaka, huingiza volteji ya picha kwenye kapasita, kisha huzimika. Kapasita huitunza volteji hiyo. Transista ya pili, ambayo ndiyo kiendeshi, hupeleka kwenye diodi mkondo unaolingana na volteji iliyotunzwa. Kwenye karatasi, saketi hii haina dosari.

Tabu iko kwa kiendeshi. Kila transista ina volteji kizingiti, kiwango ambacho chini yake haipitishi umeme wa maana. Ni kama mabomba ya mtaa yaliyofungwa na mafundi tofauti: moja hutoa maji ukiligusa tu, jingine mpaka ulizungushe robo mzunguko. Transista za vioo vya simu kwa kawaida hupatikana kwa kuyeyusha utando wa silikoni kwa mapigo ya leza. Utando ukipoa, hujigawa kuwa chembe za fuwele zisizolingana, na transista mbili zilizo jirani zikatoka na vizingiti tofauti. Silikoni isiyo na fuwele, iliyozoeleka kwenye LCD, hutoka kiwandani ikiwa sawasawa zaidi, lakini kizingiti chake husogea kadiri inavyotumika.

Hesabu yake inaonyesha kwa nini kijivu ndicho kinachoumbuka kwanza. Mkondo wa kiendeshi hufuata mraba wa volteji iliyozidi kizingiti. Tuseme pikseli angavu imepewa volti 1 juu ya kizingiti, na kizingiti cha jirani yake kimepanda kwa volti 0.1. Jirani atabaki na volti 0.9, yaani asilimia 81 ya mkondo. Jicho linaweza kuvumilia. Sasa chukua pikseli ya gizani iliyopewa volti 0.2 tu. Kosa lile lile la volti 0.1 linamwachia jirani robo ya mkondo. Hilo ni doa.

Wabunifu hawakusubiri transista kamilifu. Mwaka 1998 Robin Dawson na wenzake walionyesha saketi ya transista nne iliyoweza kupima kizingiti cha kiendeshi chake na kukifuta. Wazo hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, lina uzito sawa na kemikali za Kodak, ingawa halitajwi sana nje ya maabara. Leo vioo vingi vya simu hutumia transista saba na kapasita moja kwa kila pikseli ndogo. Kwanza saketi hufuta picha ya zamani. Kisha geti la kiendeshi, yaani mguu unaokidhibiti, huunganishwa na mguu wake wa kutolea, na volteji ya picha ikaingizwa. Umeme hutiririka mpaka kiendeshi kifike kwenye kizingiti chake chenyewe na kujizima. Kinachobaki kwenye kapasita ni picha pamoja na kizingiti. Diodi inapowashwa, kizingiti hicho hujitoa kwenye hesabu, na majirani wanang'aa sawa. Kwenye kioo cha mistari 2,400 kinachobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, kila mstari una takriban maikrosekunde 3.5. Haraka hiyo nayo huleta makosa yake: kiendeshi kisipopata muda wa kutulia, kizingiti hupimwa nusunusu na madoa hurudi.

Kapasita nayo huvuja. Transista za silikoni iliyopigwa leza hazizimiki kabisa, hivyo saa ya mkononi inayotaka kubadilisha picha mara moja tu kwa sekunde ili kuokoa betri ingepepesa. Suluhisho lilitoka kwenye oksidi ya indiamu, galiamu na zinki, ambayo kundi la Hideo Hosono la Tokyo lilitengenezea transista mwaka 2004 na ambayo huvuja kidogo mno. Kwenye mchanganyiko uitwao LTPO, oksidi huwekwa palipo na hatari ya kuvuja, na silikoni huachiwa kuendesha. Apple Watch Series 5 ya mwaka 2019 ilishuka hadi picha moja kwa sekunde bila kuzimika.

Televisheni kubwa za LG hufuata njia nyingine. Pikseli zake zina transista ya ziada inayofungua njia ya kupimia, na chipu iliyo nje ya kioo husoma hali ya kila kiendeshi kisha kurekebisha volteji ya picha. Upimaji huo hufanyika televisheni ikiwa imezimwa kwa rimoti, baada ya jumla ya saa nne za kutazama. Nyumba nyingi za kwetu huzima ukutani kwa kuogopa umeme kurudi kwa kishindo. Tahadhari hiyo ina maana, ila mwenye OLED aiache kwanza imalize kazi yake.

Marekebisho haya yana mpaka. Pikseli iliyochakaa huongezewa mkondo, na mkondo huo huizeesha zaidi. Ndiyo maana iPad Pro ya 2024 ilipanga tabaka mbili za mwanga, moja juu ya nyingine, ili mkondo mdogo utoe mng'ao ule ule. Gharama yake imerudi kwenye saketi: tabaka mbili zinataka karibu volteji maradufu.