Vipi Majaji Hupima Usomaji wa Qur'an Katika Mashindano?

Watoto wa madrasa za Njombe na Makambako wanapoandaliwa kwa mashindano ya kuhifadhi Qur'an, wazazi huuliza: majaji wanapima nini? Wengi hudhani mwenye sauti nzuri ndiye mshindi. Sivyo.

Kwanza ni hifdhi, nayo kwa kawaida ndiyo yenye alama nyingi zaidi. Jaji humsomea mshiriki mwanzo wa aya, naye huendelea mpaka asimamishwe. Akikosea huzinduliwa. Akijirekebisha mwenyewe hupunguziwa kidogo. Akishindwa mpaka jaji akamfungulia, hupunguziwa zaidi.

Pili ni tajwidi. Wanazuoni wameyagawa makosa mafungu mawili. Lahni jaliy, yaani kosa la wazi, ni kubadili herufi au irabu, kama kusoma "an'amta" katika Suratul Fatiha kwa "an'amtu": neema za Mwenyezi Mungu zikawa za msomaji! Lahni khafiy, kosa lililofichika, ni kama kupunguza ghunna, au kutotimiza harakati 6 za madda laazim.

Tatu ni sauti. Alama zake ni chache, wala uzuri wake haufuti kosa.

Sasa tutazame watoto wetu wa bara. Wapo waliozoea kusema "zahabu" badala ya dhahabu, na "selasini" badala ya thelathini. Basi "alladhiina" huwa "allaziina". Herufi imebadilika, na jaji hawezi kulifumbia macho kwa huruma, kwani atamdhulumu aliyeitamka sawasawa. Lakini pia si halali kwake kumpunguzia mtu kwa kuwa katoka Makambako na si Unguja. Aliyesoma sawa apewe haki yake.

Jaji naye hana budi kuwa na elimu. Katika riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, inayosomwa sana kwetu, madda munfasil huvutwa harakati 4 au 5 kwa njia ya Shatibiyya, na kwa njia ya Tayyiba imethibiti pia harakati 2. Asiyelijua hili huenda akamkosesha aliyepatia.

Nasaha yetu kwa walimu ni kuwa makhraji ya tha, dhal na dhaa yafundishwe tangu Juzuu Amma, kabla ya kukimbilia wingi wa juzuu. Kosa likishahifadhiwa pamoja na aya, kulitoa ni kazi kubwa, na mtoto ataendelea nalo katika Swala zake hata mashindano yakiisha.

Wallahu aalam.