Kukodi Chombo na Nahodha Wake Mto Kilombero: Unalipia Nini Hasa?

Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe rasmi mwaka 2018, msafiri wa Ifakara anayekwenda Lupiro au Mahenge hana haja ya kumsubiri mvushaji. Anapita juu ya mita 384 za daraja, kwa basi, bodaboda au miguu, na safari inaendelea. Kwa hiyo anayeshuka ukingoni leo kutafuta chombo ana shida nyingine. Anataka kuona ndege na viboko, au ni mtafiti, au ana familia iliyokuja likizo, au ana shamba lililozungukwa na maji, au ni mvuvi wa ndoano aliyesikia habari za samaki wakubwa wa mito ya juu ya bonde.

Wote hao huanza na swali moja: "Shilingi ngapi?" Jibu wanalopewa ni namba moja, na namba hiyo imefunika mambo manne: chombo, mafuta, watu na ruhusa. Usipoyatenganisha, utalinganisha bei ya mtu aliyejumlisha mafuta na bei ya mtu ambaye hakuyajumlisha, kisha utamchagua wa pili ukidhani umepata nafuu.

Vyombo vilivyopo

Chombo cha kwanza ni mtumbwi wa kuchonga, unaosukumwa kwa kafi au kwa pondo pale maji yanapopungua. Wandamba wamelijua bonde hili kwa mitumbwi vizazi na vizazi, na hadi leo mtumbwi ndicho chombo cha mvuvi wa kawaida. Hauna gharama ya mafuta. Unalipia muda na nguvu za watu. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea, kilomita tatu hadi tano kwa saa, kwa hiyo saa tatu za kwenda na kurudi hazikupeleki mbali. Lakini hauna kelele. Kwa mtazamaji wa ndege ukimya huo ni mali. Pembezoni mwa mto huu, kwenye matete, ndiko anakoishi mnana wa Kilombero, ndege aliyeelezwa kisayansi mwaka 1990 na asiyepatikana nje ya bonde hili. Matete hayohayo yana ndege wengine wawili wadogo waliopewa majina rasmi ya kisayansi mwaka 2021 tu. Mashine inayonguruma huwatawanya kabla hujainua darubini.

Chombo cha pili ni boti ya mbao au ya faiba yenye mashine ya kufunga nyuma. Inakufikisha mbali, inapanda mto bila kumchosha mtu, na inabeba mizigo ya kambi. Gharama yake kubwa ni petroli, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa mwisho wa safari unapozaliwa.

Chaguo la tatu ni safari ya siku kadhaa, ya kulala kambini. Hapa unalipia boti, nahodha, msaidizi wake, mpishi pengine, chakula cha wote, mahema, na ruhusa ya kuingia maeneo ya hifadhi. Bei yake haiwezi kusemwa kwa sentensi moja, na anayekutajia kwa sentensi moja hajapiga hesabu, au ameipiga na hataki uione.

Hesabu ya mafuta

Mashine ya hosipawa 15 ikisukumwa sana hunywa petroli inayokaribia lita sita kwa saa. Tuseme safari ina saa nne za mashine kuwaka. Hizo ni lita 24. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue petroli kuwa shilingi 3,000 kwa lita: mafuta peke yake yanafika shilingi 72,000. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo weka bei ya mwezi wako na upige upya. Kama mashine ni ya tusitroki, ongeza oili ya kuchanganya, kwa kawaida lita moja kwa kila hamsini za petroli. Kwa safari hii ni karibu nusu lita.

Sasa mtu akikuambia atakupeleka safari hiyohiyo kwa shilingi 80,000, "kila kitu humo," umebakiwa na shilingi 8,000 za kugawana nahodha, msaidizi, mwenye boti na mwenye mashine, na oili bado haijanunuliwa. Haiwezekani. Ama safari itafupishwa bila wewe kuambiwa, ama mashine itazimwa katikati na utaombwa "ya kuongezea mafuta" ukiwa huna pa kushuka, ama boti itajazwa abiria wengine. Bei ya chini kuliko mafuta yake ni dalili ya kuondoka hapo.

Hesabu hiyo inakulinda pia upande wa pili. Anayedai mafuta ya lita 60 kwa safari ya saa nne na mashine ndogo aulizwe kwa upole ayaeleze. Njia safi ni kununua mafuta wenyewe kituoni mjini, kuyatia kwenye dumu, kupata risiti, na kukubaliana kwamba yatakayobaki ni ya nani. Ukigawanya shilingi 72,000 kwa watu sita, kila mmoja anachangia 12,000 za mafuta. Kwa hiyo boti ya mashine huwa ghali kwa mtu mmoja au wawili, na huwa nafuu kwa kikundi. Mtumbwi ni kinyume chake: ukiwa na watu wengi unahitaji mitumbwi mingi, na kila mmoja na watu wake wa kulipwa.

Nahodha ndiye safari

Unaweza kumjua nahodha mzuri kabla hamjataja fedha. Msikilize anauliza nini. Kijana anafika ukingoni na kusema, "Shikamoo baba." Mzee anajibu, "Marahaba, mwanangu. Mko wangapi?" Kisha anaendelea: mna mizigo gani, kuna watoto, mnataka kurudi saa ngapi, nani hajui kuogelea. Bei inakuja mwisho. Mwingine anataja bei kwanza, halafu anauliza kama umekuja na fedha taslimu. Mimi ningemlipa wa kwanza zaidi bila kunung'unika.

Kumbuka nahodha wa hapa anafanya kazi ambayo baharini hufanywa na ramani. Mto Kilombero hubadili njia zake kila mafuriko. Fungu la mchanga lililokuwa kushoto mwaka jana liko kulia mwaka huu. Mashimo ya viboko, mahali mamba wanapoota jua, visiki vilivyozama, nyavu za wavuvi zilizofungwa kati ya matete: vyote hivyo vimo kichwani mwake tu. Uliza amekuwa akifanya kazi kipande hichohicho cha mto kwa muda gani, si mto kwa ujumla.

Mwangalie pia anavyopanga safari. Mwenye busara huanza kwa kupanda mto asubuhi, mashine ikiwa na nguvu na mafuta yakiwa tele, kisha hurudi kwa kushuka. Mashine ikifa njiani, mkondo wenyewe unawarudisha nyumbani. Anayetaka kuanza kwa kushuka kwa sababu "inakula mafuta kidogo" anakuuzia nafuu ya asubuhi kwa hatari ya jioni.

Kabla ya kupanda, kagua kwa macho yako. Kila abiria awe na jaketi okozi linalomtosha, na la mtoto liwe la mtoto. Kuwe na kopo la kukumbia maji, kafi mbili hata kama kuna mashine, plagi ya akiba na kamba. Watu wakishakaa, ukingo wa mtumbwi ubaki angalau shibiri moja juu ya maji. Ukiona kiganja tu, mmoja ashuke, na asionewe haya.

Msimu hubadili bei na thamani

Mvua za bonde huanza kati ya Novemba na Desemba na kufikia kilele Machi na Aprili. Wakati huo tambarare hugeuka ziwa. Boti ya mashine inapita sehemu ambazo kiangazi ni mashamba ya mpunga, lakini maji yana nguvu, magogo yanashuka, na dhoruba za mchana huja ghafla. Wakazi wa Ifakara hawahitaji kukumbushwa kwamba kivuko cha MV Kilombero II kilizama mwezi Januari, mwaka 2016, kikiwa na abiria na magari, mvua na upepo vikiwa vimechacha. Kivuko kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko chombo utakachokodi.

Kuanzia Juni hadi Oktoba maji hushuka na kukusanyika katika mikondo michache. Wanyama hukaribia mto, ndege huonekana kwa urahisi, na mtumbwi wa pondo unafika kila mahali. Boti ya mashine nayo hupata shida: pangaboi linapiga mchanga, watu wanashuka kusukuma, na saa nne zinakuwa sita. Kwa hiyo bei ileile ya boti ina thamani tofauti Aprili na Septemba. Uliza kina cha maji cha wiki hii, na uliza nani analipa pangaboi likivunjika.

Ruhusa na risiti

Bonde la Kilombero ni ardhioevu yenye hadhi ya kimataifa ya Ramsar tangu mwaka 2002, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 7,900, na liliwahi kuwa makazi makubwa kuliko yote duniani ya swala aitwaye sheshe. Sehemu yake ilitangazwa kuwa Pori la Akiba Kilombero mwaka 2023, chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Safari fupi ya karibu na daraja ni jambo moja. Kupanda mto siku nzima au kulala kambini ni jambo jingine. Uliza mapema kama njia yenu inaingia hifadhini. Kama inaingia, ada za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na kupewa stakabadhi. Anayetaka ada hiyo mkononi, bila karatasi, atakuacha ujieleze mwenyewe mbele ya askari wa wanyamapori.

Usajili na usalama wa vyombo vidogo uko chini ya TASAC. Uliza kama boti imesajiliwa na kukaguliwa. Kwa mtumbwi wa mvuvi, mtendaji wa kijiji au viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi watakuambia nani anaaminika. Ushauri wao ni bure na una uzito kuliko sifa za dalali wa mjini.

Ukilinganisha na pwani

Wapo wanaoweka akiba Ifakara ili wakapande jahazi Zanzibar au yoti ya matanga, na hesabu yake ni ileile. Ziara ya jahazi huuzwa kwa kichwa, ukichanganywa na wageni wengine, au kwa chombo kizima. Kikundi cha watu wanane kiulize bei zote mbili kabla ya kulipa. Kwenye yoti za kukodi, hasa za Ulaya, bei inayotangazwa mara nyingi ni ya chombo kitupu. Nahodha hulipwa kwa siku, mara nyingi yuro 150 hadi 250, juu ya hiyo bei; chakula chake ni juu yenu, na anahitaji chumba chake cha kulala. Mafuta, ada za bandari, usafi wa mwisho na dhamana ya uharibifu huja pembeni. Anayeona yoti ya vyumba vinne aelewe kwamba vitatu tu ndivyo vyao.

Baharini upepo ndio ratiba: kaskazi na kusi huamua safari ipi ni tamu na ipi ni ya kutapika. Mtoni ni kina cha maji. Kote kuwili, anayesoma hali hiyo ni nahodha.

Mapatano kabla ya kulipa

Yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: saa ya kuondoka na kurudi, idadi ya watu, mafuta ya nani, chakula cha nahodha na msaidizi, njia, ada za hifadhi, na kiasi cha malipo ya awali. Tuma kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na utume na ya kutolea; usimkate mtu ujira wake kwa makato ya mtandao. Malipo ya awali yatoshe mafuta na maandalizi, yanayobaki yalipwe mkirudi.

Halafu ongeza kipengele kimoja ambacho wateja wengi hawakifikirii: nahodha akisema "leo hatuendi" kwa sababu ya upepo au maji, alipwe sehemu ya siku yake, tuseme theluthi au nusu. Mtu ambaye watoto wake hawali asipoondoka, ataondoka hata katika hali mbaya. Ukimlipa ili aweze kukataa, umenunua usalama ambao hakuna jaketi linaloutoa.

Uchague kipi?

Watu wawili wanaotaka ndege, kati ya Juni na Oktoba: mtumbwi, kuanzia alfajiri, kwa muda wa saa tatu, karibu na daraja. Familia au kikundi cha watu wanne hadi sita: boti ya mashine nusu siku, mafuta mnunue wenyewe. Safari ya kulala: chukueni vyandarua, kwa maana mbu wa Ifakara wana historia ndefu kuliko utalii wake, na msipange chini ya wiki mbili kabla, ili ruhusa zipatikane kihalali. Mwezi wa mafuriko na watoto wadogo: subirini kiangazi.

Ukibaki na bei mbili zinazokaribiana, mpe kazi yule aliyekuuliza maswali mengi zaidi.