Kumuuliza ndugu kama anafikiri kujiua hakumfundishi kujiua

Kuna swali ambalo wengi wetu tunaogopa kulitamka: "Je, unafikiri kujiua?" Ndugu yuko mbele yetu, hali chakula, halali usiku, anasema amekuwa mzigo kwa watu wa nyumba yake, na sisi tunazungukazunguka. Tunamwambia avumilie, tunamwombea, tunaagana naye. Ukiuliza sababu, akina mama na wazee wa kanisa wanajibu jibu moja: tukilitaja neno hilo, tutalipanda moyoni mwake.

Hofu hiyo imepimwa. Mwaka 2005, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Madelyn Gould walitangaza matokeo ya kazi yao kwa wanafunzi 2,342 wa shule 6 za sekondari katika jimbo la New York. Waligawanywa kwa kubahatisha: wengine waliulizwa maswali juu ya kujiua, wengine hawakuulizwa. Siku 2 baadaye wote walipimwa. Walioulizwa hawakufadhaika kuliko wenzao, wala hawakuwa na mawazo ya kujiua kuwazidi. Tena wale waliokuwa tayari wameshuka moyo, na wale waliowahi kujaribu kujiua, walionekana kuwa na taabu kidogo kuliko wenzao wa hali ile ile ambao hawakuulizwa.

Ni rahisi kuelewa kwa nini. Mtu huyo amekaa na wazo lake peke yake usiku mwingi. Akiulizwa kwa upole, anajua kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia bila kukimbia. Paulo kule Filipi hakuzungukazunguka: mlinzi wa gereza alipotaka kujiua, alipaza sauti, akalitaja jambo lenyewe, akamjulisha kwamba wafungwa wote wapo.

Akijibu "ndiyo", tusianze kuhubiri. Tumuulize kama amekwisha kupanga, na kama kuna kitu cha kumdhuru karibu naye. Asiachwe peke yake. Dawa za kuua wadudu na vidonge vitoke katika nyumba ile siku hiyo hiyo. Wengine watasema atatafuta njia nyingine. Lakini Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za shamba zenye sumu kali, katika miaka ya 1990, idadi ya waliojiua katika nchi nzima ilipungua sana. Saa ya giza kuu mara nyingi inapita, ikiwa mtu hana cha kushika. Kisha tumpeleke hospitali sisi wenyewe, tuandamane naye. Na tusimwahidi kwamba tutaificha siri hiyo.

Kushuka moyo kunatibika, hata hapa kwetu. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya kazi iliyofanywa katika vijiji vya Kivu kwa wanawake 405 waliokuwa wametendewa jeuri. Katika vijiji fulani walikutana katika vikundi, wakafundishwa kuyachunguza mawazo yao wenyewe, kama lile la kusema "kosa lilikuwa langu." Katika vijiji vingine kila mwanamke alisaidiwa peke yake kwa njia ya kawaida. Miezi 6 baada ya kumaliza, waliobaki na dalili za kushuka moyo na hofu kali walikuwa 9 kwa 100 katika vikundi, na 42 kwa 100 kule kwingine. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa Wakongomani, wanawake waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa.

Kuna ugonjwa mwingine unaojificha sana kanisani. Kwa Kifaransa madaktari wanauita TOC. Wazo linaingia kwa nguvu, mtu halitaki, linamtia hofu; anafanya tendo fulani ili hofu ishuke; kisha wazo linarudi. Wengi wanamjua yule anayenawa mikono bila kumaliza. Lakini kwa mwamini, wazo linaweza kuwa tusi juu ya Roho Mtakatifu, tena katikati ya ibada, na tendo likawa kutubu upya, kurudia sala tangu mwanzo kwa sababu neno moja halikutamkwa vizuri, au kumfuata mchungaji kila siku amhakikishie kwamba bado ameokoka. Mwaka 1978 Rachman na de Silva walionyesha kwamba watu wengi wasio na ugonjwa wowote wanapata mawazo machafu na ya ajabu ya namna hiyo. Kwao yanapita. Anayeteseka ni yule anayelichukua wazo kuwa ushahidi juu ya moyo wake.

Mtu huyo akiletwa mbele afunguliwe, mara ya kwanza, ya tano, ya kumi na mbili, tunamthibitishia kwamba wazo lile lilikuwa la hatari kweli. Na kila tunapomwambia "umesamehewa, usiogope," anatulia saa moja, kisha anahitaji kusikia tena. Matibabu yanapita njia nyingine. Mwaka 1966, kule London, Victor Meyer alieleza wagonjwa 2 aliowasaidia wakabili kile walichokiogopa bila kufanya lile tendo, mpaka hofu ikapungua yenyewe. Njia hiyo inatumika hata leo. Kwa ndugu yetu, akiwa na mtaalamu wa kumwongoza, maana yake ni kuomba mara moja na kuacha, hata kama neno lilikosewa. Mchungaji naye ajibu mara moja tu. Ni vigumu, kwa sababu kukataa kujibu kunaonekana kama kukosa huruma.

Wenye ugonjwa huu pia wana hatari ya kujiua kuliko watu wengine, basi nao waulizwe. Na kama daktari ametoa dawa, wapendwa wajue kwamba kwa kushuka moyo zinachukua majuma kadhaa kuanza kusaidia, na kwa TOC mara nyingi miezi 2 au 3. Vijana waangaliwe kwa karibu zaidi katika majuma ya kwanza. Anayetaka kuziacha kwa sababu ameombewa na anajisikia vizuri, kwanza arudi kwa daktari aliyempa.