Bao la rafiki na ufa wake

Anayemchongea rafiki yake bao huiharibu kazi mwishoni, pale anapotafuta usawa. Mashimo yote 32 yamekwisha, kisha analiona moja limepanuka kuliko jirani yake. Analichimba la jirani lilingane, la tatu nalo likaonekana dogo. Akija kushtuka, ubao umebaki mwembamba kama kaki na patasi imetokea upande wa pili.

Shimo lisilo duara halimsumbui mchezaji. Anachotaka ni vidole vizame, viokote kete zote kwa mkupuo, na komwe isikwame kwenye kijichubuko chini. Kete ni 64, na katika bao la Kiswahili nyingi hurundikana kwenye nyumba, lile shimo la mraba. Hilo lipime kwa makini. Mengine yapige msasa ndani, na alama za patasi pembeni ziache. Najua mafundi wa fanicha watanuna, lakini wao wanauza makabati.

Kasoro za kuogopa ni zile zinazoendelea kukua baada ya zawadi kutolewa. Mbao mbichi hushika maji mengi, na yakishapungua chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, mbao huanza kusinyaa. Haisinyai sawasawa: kuuzunguka mti hupungua karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka kiini kwenda gome, na kwa urefu karibu haipungui kabisa. Ndiyo maana kipande chenye kiini cha gogo ndani yake lazima kipasuke, ukiombee usikiombee. Pasua gogo, kitupe kiini, uzibe ncha za mbao kwa nta au rangi ili zisikauke haraka, kisha uiweke kivulini, upepo upite, miezi kadhaa.

Hapa Nyanza-Lac, Burundi, mwembe unapatikana na unachongeka vizuri. Ukibahatika kupata umuvugangoma uliopandwa shambani, mti wa ngoma za Burundi, ni mwepesi kwa tezo. Mchikichi tunao tele, ila usihangaike nao: shina lake ni nyuzi tupu zilizoshikana, likikauka linachambuka. Na mawese yake usiyapake kwenye bao. Hayagandi yakawa ngozi; yananata, yanadaka vumbi, baadaye yananuka. Tumia nta ya nyuki iliyoyeyushwa, uisugue kwa kitambaa.

Sasa ufa ukitokea licha ya yote hayo? Ukiwa unakimbilia ukingoni, ushone. Chonga kipande cha mbao ngumu chenye umbo la kipepeo, kipachike kuukata ufa, nyuzi zake zikilala kukingama nyuzi za ubao. George Nakashima, seremala wa Marekani aliyefariki 1990, alivipachika kwenye meza za bei kubwa na hakuvificha hata kidogo. Hapa Afrika Mashariki vibuyu vilivyopasuka vimeshonwa kwa uzi tangu zamani, mshono ukionekana wazi.

Ufa mwembamba wa juu juu uache ulivyo, na mwambie rafiki yako naye auache. Utapanuka kiangazi cha Juni hadi Septemba, kisha utajibana mvua zikirudi. Akiujaza gundi na unga wa mbao mwezi wa Agosti, mbao itakapovimba haitakuwa na pa kwenda, na itapasukia kwingine.