Jeshi na Umeme wa Oahu

Vituo vingi vikubwa vya umeme vya kisiwa cha Oahu, katika jimbo la Hawaii, Marekani, vimejengwa pwani, penye hatari ya tsunami. Mwaka 2015 jimbo lilitunga sheria kwamba ifikapo 2045 umeme wote utokane na nguvu zisizokwisha. Jeshi nalo lilikuwa na ardhi bara, katika kambi ya Schofield, yapata mita 270 juu ya bahari. Likaikodisha kwa kampuni ya umeme. Tume ya jimbo ikaidhinisha ujenzi. Tangu 2018 zipo pale injini 6, jumla megawati 50, zichomazo dizeli ya kawaida na itokanayo na mimea. Kisiwa kizima kikizimika, zaweza kujiwasha bila msaada wa nje. Lakini mkataba huo si sadaka: siku za kawaida umeme huenda kwa raia wote, siku ya maafa, kambi hutangulia, na miji hungoja.