Je, Wajua? Kilo 100 Zikiingia, Ngapi Zitoke?

Je, wajua kwamba kilo 100 za mawe safi ya chokaa haziwezi kutoa zaidi ya kilo 56 za chokaa, hata fundi awe hodari vipi? Kilo 44 hupaa zikiwa hewa ya ukaa. Hizo 56 ndizo zao la kinadharia: kikomo kinachowekwa na uzito wa atomi, wala si ukali wa moto. Ukipata kilo 49, gawanya kwa 56, zidisha kwa 100. Zao lako ni asilimia 87.5.

Je, wajua kwamba trona, madini ya Ziwa Magadi, Kenya, nayo ina kikomo chake? Kilo 452 za trona safi zikichomwa hutoa magadi soda kilo 318. Nyingine 90 ni maji, 44 hewa ya ukaa. Jumlisha uone: hakuna hata gramu iliyopotea.

Je, wajua kwamba kiambato kinachokwisha kwanza ndicho kinachoamua zao? Kilo 28 za naitrojeni huhitaji kilo 6 za haidrojeni ili kutoa kilo 34 za amonia. Ukiwa na haidrojeni kilo 3 tu, utaishia kwenye amonia kilo 17, hata ukirundika naitrojeni ya dunia nzima.

Na amonia hiyo, mama wa mbolea ya urea, ina kisa cha kustaajabisha. Gesi zikipita mara moja kwenye mtambo, takriban asilimia 15 tu hugeuka amonia, kwa kuwa mmenyuko huu hurudi nyuma pia. Joto likipunguzwa zao huongezeka, lakini kazi huzorota mno. Dawa yake, iliyotumika tangu kiwanda cha Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, ni kuitoa amonia na kuzirudisha gesi zilizobaki, tena na tena, hadi karibu zote zitumike. Kwangu huu ni ufundi wa hali ya juu.

Je, wajua kwamba asilimia 105 si ushindi? Mara nyingi zao bado lina maji au uchafu. Likaushe, lipime, rudia mpaka uzito usibadilike.

Je, wajua kwamba hatua 10 zinazofuatana, kila moja ikitoa asilimia 90, huacha asilimia 35 tu mwishoni? Kwa hiyo watengenezaji wa dawa hupenda kuunda nusu mbili kando kando, kisha kuziunganisha. Hivyo hatua zinazofuatana zikipungua hadi 6, zao hupanda hadi asilimia 53.